AKILI NI NYWELE, KILA MTU ANA ZAKE



Mama mmoja anauza ndizi na mananasi sokoni Kinole. Mteja anachagua vitu vitatu na kutoa noti. Mama anapiga hesabu kichwani na kurudisha chenji. Hakosei hata shilingi moja. Jioni yuko katika darasa la kisomo. Mwalimu anaandika hesabu ile ile ubaoni. Mama anaogopa. Anasema, "Mwalimu, mimi sina akili ya hesabu."

Je, ni kweli? Asubuhi akili hiyo alikuwa nayo. Jioni imekwenda wapi?

Maswali ya namna hii huchunguzwa na saikolojia. Saikolojia ni elimu ya jinsi watu wanavyoona mambo, wanavyofikiri na wanavyotenda.

Kuona si kazi ya macho peke yake

Tuanze na jaribio dogo. Chukua mabakuli matatu. Bakuli la kwanza tia maji ya moto, lakini yasiunguze. La pili tia maji ya baridi. La tatu tia maji ya vuguvugu. Weka mkono mmoja katika maji ya moto na mwingine katika maji ya baridi. Subiri kidogo. Kisha tia mikono yote miwili katika maji ya vuguvugu.

Mkono uliotoka kwenye moto utaona maji ni ya baridi. Mkono uliotoka kwenye baridi utaona maji ni ya moto. Maji ni yale yale. Mikono yote ni yako. Kilichotofautiana ni mahali kila mkono ulikotoka.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Chora mistari miwili yenye urefu sawa. Mstari wa kwanza utie ncha za mshale pande zote mbili. Wa pili utie panda pande zote mbili, kama panda ya manati. Watu wengi wataona kuwa mstari wenye panda ni mrefu zaidi. Upime kwa rula. Ni sawasawa.

Mwaka 1966 wataalamu watatu, Segall, Campbell na Herskovits, walitoa kitabu juu ya mistari kama hii. Waliionyesha kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda. Watu wa mji wa Evanston, Marekani, walidanganyika zaidi kuliko watu wa sehemu nyingi za Afrika. Wataalamu hao walifikiri kuwa sababu ni mazoea. Aliyekulia kati ya kuta na pembe za nyumba za mjini ana macho yaliyozoea mambo hayo. Kwa hiyo hatuoni kwa macho tu. Tunaona pia kwa mazoea yetu.

Waya na penseli

Akili nayo huonekana vizuri katika kazi iliyozoewa. Mtaalamu Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka, Zambia, na watoto wa Manchester, Uingereza, kazi ya kuiga maumbo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1979. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda, maana walizoea kutengeneza magari ya waya. Kwa udongo, walikuwa sawa.

Fikiri, ndugu msomaji. Kama mtihani ungekuwa wa penseli tu, tungesema watoto wa Lusaka ni wajinga. Kama ungekuwa wa waya tu, tungesema hivyo juu ya watoto wa Manchester. Mara zote mbili tungekosea.

Kenya nako kulifanyika uchunguzi, huko Usenge. Watoto waliulizwa juu ya dawa za miti. Wengi walizijua. Lakini waliozijua zaidi mara nyingi walipata alama ndogo katika mtihani wa maneno wa kishule. Uchunguzi huo ulitolewa mwaka 2001. Haukusema shule ni mbaya. Ulionyesha kuwa kuna akili ambayo karatasi ya mtihani haiulizi.

Akili hukua kwa kufundishwa

Hapa Tanzania, watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo walipewa majaribio na mtaalamu Robert Sternberg na wenzake. Jaribio moja lilikuwa la kubahatisha kitu kwa kuuliza maswali. Kisha watoto walifundishwa kwa muda mfupi namna ya kufanya. Walipojaribiwa tena, alama zilipanda. Alama za pili zilionyesha uwezo wao vizuri kuliko za kwanza. Matokeo haya yalitolewa mwaka 2002.

Maana yake ni nini? Anayeshindwa leo huenda hajaonyeshwa njia.

Mtaalamu mwingine, Howard Gardner wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kuwa akili ni za aina nyingi. Kuna akili ya maneno, ya hesabu, ya muziki, ya kutumia mwili, ya kuelewana na watu, na nyinginezo. Wataalamu wengine hawakubaliani naye katika yote. Lakini hapa Kinole tunaona watu walivyo tofauti. Mmoja hujua gome la mdalasini lipo tayari kubanduliwa. Mwingine husuluhisha ugomvi. Mwingine hupiga ngoma.

Tufanye nini?

Mtoto akishindwa darasani, usikimbilie kumwita mjinga. Mtoto anayeitwa mjinga kila siku huacha kujaribu, na asiyejaribu hajifunzi. Kisha watu husema, "Tulijua!" Wamesahau kuwa neno lao ndilo lililomvunja moyo.

Kwanza, chunguza kama anaona ubao na kama anasikia vizuri. Mpeleke hospitali akapimwe. Pili, mwonyeshe njia, kisha mpe nafasi ya pili. Tatu, anza na lile analolijua. Hesabu ifundishwe kwa ndizi kwanza, kwa namba baadaye.

Na wewe mwanakisomo usijidharau. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wengi waliodhani wamechelewa walijifunza kusoma. Yule mama wa sokoni hakukosa akili ya hesabu. Alikosa kuzoea chaki tu.

Maswali

1. Kwa nini mikono miwili iliona maji yale yale kwa namna tofauti?
2. Watoto wa Lusaka walishinda kwa kitu gani? Kwa nini?
3. Je, uliwahi kuitwa mjinga? Lilikufanya nini neno hilo? Zungumzeni darasani.