Timu inayofungwa kila msimu ichunguzwe kama shamba lisilozaa

MKULIMA wa Rhotia, wilayani Karatu, akivuna magunia machache ya mahindi mwaka mmoja, hulaumu mvua. Akivuna machache miaka mitatu mfululizo, hana budi kuchunguza mbegu, udongo na palizi. Lakini timu yake ya soka ikifungwa miaka mitatu, bado lawama humwangukia mwamuzi wa mechi ya mwisho.

Mfano upo hapa hapa mkoani. AFC Arusha ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2010/11. Msimu uliofuata mkoa ukawakilishwa na JKT Oljoro, iliyotumia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nayo ilidumu misimu mitatu tu. Mwaka 2014 ilishuka pamoja na Rhino Rangers ya Tabora na Ashanti United ya Dar es Salaam, msimu ule ule ambao Azam ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, misimu 11 baadaye, hakuna timu ya mkoa wa Arusha iliyokuwa imerejea.

Hasara hiyo si ya mashabiki peke yao. Timu ya Ligi Kuu huwa na mechi za nyumbani zisizopungua 13 kwa msimu. Kwa misimu hiyo 11, Arusha imekosa zaidi ya siku 140 za kuuza chipsi, karanga na machungwa, kubeba abiria na kulaza wageni. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola naye amekosa sehemu ya soko hilo bila kujua.

Wapo wanaosema dawa ni fedha. Hata hivyo, Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, ina kiwanda cha sukari nyuma yake, lakini ilishuka daraja msimu wa 2023/24. Ilirejea kwa kutwaa ubingwa wa Championship msimu uliofuata. Fedha ni kama mbolea: haisaidii shamba ambalo mwenyewe hajui limeharibikia wapi.

Kwa timu ya kijiji inayocheza ligi ya wilaya, kipimo cha kwanza ni daftari la shilingi chache. Kila mechi iandikwe: tarehe, uwanja, mabao na dakika yalipofungwa, wachezaji waliofika, na gharama za nauli, chakula na vifaa.

Baada ya misimu miwili daftari litaanza kusema. Mabao mengi ya dakika za mwisho yanaonyesha upungufu wa pumzi, yaani mazoezi. Ushindi wa nyumbani na vipigo vya ugenini vinaelekeza kwenye safari na chakula. Timu ikianza vizuri kisha ikaporomoka wakati wa mavuno, wachezaji wapo shambani; hapo kumfukuza kocha hakusaidii, bali kupanga kikosi cha akiba mapema na kukusanya michango mara baada ya mazao kuuzwa.

Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mpya jijini Arusha wa kuchukua watu wapatao 30,000, kwa ajili ya fainali za AFCON za 2027. Fainali zikishapita, uwanja utahitaji timu ya kuujaza, na vijana wake watatoka vijiji kama Rhotia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na timu nayo ni mali.