Miaka 23 ya Kungoja, na Usiku Mmoja wa Kusikia

Wako watu wasemao kwamba muziki ni mchezo tu, wala haustahili nafasi katika ukurasa huu ambao kazi yake ni kuzungumza habari za kazi, mishahara na siasa. Sisi hatukubaliani nao. Bendi ya muziki ni watu wafanyao kazi pamoja. Hupatana na hugombana, hulipwa na pengine hudhulumiwa, hudumu au huvunjika, sawasawa na watu wa kiwanda chochote. Kwa sababu hiyo leo naomba ruhusa ya kusimulia habari za bendi moja ya Uingereza iitwayo King Crimson, ambayo nimeipenda tangu ujana wangu, na ambayo nilijaliwa kuiona kwa macho yangu mwezi wa Juni 2019, baada ya kuingoja miaka 23.

Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi katika shule moja ya misheni. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwingereza, aliporejea kwao alituachia kaseti chache. Mojawapo ilikuwa na picha ya uso mwekundu wa mtu aliyepanua kinywa na kutoa macho kwa hofu. Padre mlezi wa bweni alipoiona aliuliza kama hiyo ni sura ya shetani. Baadaye nilipata kujua kwamba aliyeichora ni kijana Barry Godber, ambaye kazi yake ilikuwa ya kompyuta, na ambaye alifariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 24, miezi michache tu baada ya sahani hiyo kutolewa. Wakati ule hatukujua lolote. Mimi na rafiki yangu tuliyekuwa tukiketi dawati moja tuliificha kaseti hiyo chini ya godoro, na usiku tukaisikiliza kwa redio ya betri, masikio tumeyaegemeza pale pale penye spika.

Muziki wenyewe haukuchezeka. Saksafoni ilikwaruza kama msumeno uliokutana na msumari, gitaa likalia, sauti ya mwimbaji ikapita kana kwamba inatoka katika bomba la chuma. Kisha ghafla vyombo vyote vikanyamaza pamoja, vikaanza pamoja, vikanyamaza tena, bila hata kimoja kukosea mguu. Rafiki yangu alisema, "Hawa hawachezi, ndugu yangu. Hawa wanafanya kazi." Neno hilo sijalisahau hata leo.

Yafaa msomaji aijue historia yao kwa ufupi. Bendi hii ilianza mazoezi tarehe 13 Januari 1969, katika chumba cha chini ya mkahawa mmoja wa London. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo walipiga katika bustani ya Hyde Park, mbele ya umati wa mamia ya maelfu waliokuja kuwasikiliza Rolling Stones. Mwezi wa Oktoba wakatoa sahani yao ya kwanza, ile ya uso mwekundu, nayo ikafika nafasi ya tano katika mauzo ya Uingereza. Waingereza huuita muziki wa aina hiyo roki ya "progressive", yaani yenye kutaka kwenda mbele. Ni muziki wa roki uliokataa kukaa katika nyimbo fupi za dakika tatu, ukaazima maarifa kutoka kwa jazi na kwa muziki wa okestra za Ulaya. Mojawapo ya vyombo vyake ni kinanda kiitwacho melotroni, ambacho kila kibonye chake huvuta kipande cha utepe wenye sauti iliyorekodiwa ya fidla au ya filimbi. Na utepe huo hudumu sekunde nane tu, hapana budi mpigaji ainue kidole na kuanza upya.

Walakini mwaka haukwisha kabla ya wawili kuamua kuondoka. Tangu hapo watu waliingia na kutoka, na aliyebaki siku zote ni mpiga gitaa, Bwana Robert Fripp. Aliivunja bendi mwaka 1974, akaifufua 1981, ikavunjika tena 1984, ikarudi 1994, ikanyamaza, na ikainuka tena mwaka 2014. Wako waliofanya kazi naye ambao wamesema waziwazi kwamba ni mtu mgumu, nami sitaki kumpamba kwa rangi asiyokuwa nayo. Lakini liko jambo moja ambalo mfanyakazi yeyote atalitambua mara moja. Baada ya kugombana na mameneja wake wa zamani juu ya haki na malipo, Bwana Fripp na mwenzake David Singleton walianzisha mwaka 1992 kampuni yao ya kutoa sahani, na sharti lake kubwa likawa kwamba mwanamuziki aliyetunga kazi ndiye abaki na haki ya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, jasho ni la mwenye kulitoa. Mwaka 2012 alitangaza kwamba amechoka na mashauri ya biashara ya muziki na anaiacha kazi ya jukwaani. Mimi na rafiki yangu tuliposikia hayo tulikata tamaa. Ilipofika Septemba 2013 akatangaza kwamba bendi itarudi, ikiwa na watu saba.

Basi mwaka 2019, bendi ilipotimiza miaka 50, walipanga kupiga usiku tatu mfululizo, tarehe 18, 19 na 20 Juni, katika ukumbi wa Royal Albert Hall wa London. Kwa bahati njema mimi nilikuwa katika mji huo kwa mafunzo mafupi ya uhariri. Bei ya tiketi ilinitia mashaka, nikaihesabu fedha yangu mara mbili, lakini nikainunua. Rafiki yangu, ambaye sasa ni fundi wa mitambo huko Morogoro, wakati huo alikuwa amelazwa. Aliniletea ujumbe mmoja tu: "Nipigie picha yao, hata moja, nione kwamba ni watu kweli."

Ukumbi huo ni wa mviringo, wa matofali mekundu, wenye kuba la kioo na chuma. Ulifunguliwa mwaka 1871 na huchukua zaidi ya watu elfu tano. Ulijengwa kwa ukumbusho wa mume wa Malkia Victoria, na mtu atokaye katika nchi iliyopata kutawaliwa hawezi kuingia humo bila kuwaza mawili matatu. Niliwaza, nikapanda ngazi, nikaketi mahali pangu. Waliokuwa kando yangu wengi walikuwa wazee wenye mvi, na baadhi yao walikuja na wana wao.

Hapo ndipo nilipokutana na mtihani. Yalikuwapo matangazo ya kuwaomba watu wasipige picha wala wasirekodi, bali watumie macho na masikio yao. Ruhusa ya picha ingetolewa kwa ishara moja tu: mwishoni kabisa, mpiga besi Tony Levin atakapoinua kamera yake mwenyewe kuwapiga picha wasikilizaji, hapo nao wasikilizaji wanaweza kuinua zao. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na ombi la mgonjwa lilikuwa moyoni mwangu. Nikajiambia kwamba ukumbi ni mkubwa, giza ni jingi, nani atajua? Nakiri kwamba katika wimbo wa pili niliitoa simu hiyo nusu. Mzee aliyekuwa kulia kwangu hakusema neno. Aliutazama mkono wangu, kisha akageuza uso wake kwenye jukwaa. Nikairudisha mfukoni.

Jukwaa lenyewe lilikuwa somo. Katika bendi nyingi mpiga dramu hukaa nyuma, na mwenye jina hukaa mbele penye taa. Hapa wapiga dramu watatu, Pat Mastelotto, Jeremy Stacey na Gavin Harrison, waliwekwa mbele kabisa, na wengine wanne wakakaa nyuma yao juu ya ulingo. Bwana Fripp, mwenye umri wa miaka 73, aliketi pembeni kabisa juu ya kiti, amevaa suti na tai, gitaa mapajani. Hakusimama wala hakuhutubia. Pamoja naye alikuwa Mel Collins wa saksafoni na filimbi, aliyeingia katika bendi mwaka 1970, akaondoka, na akarudi baada ya miaka 40 na zaidi. Mwimbaji, Jakko Jakszyk, alipokuwa mvulana aliitazama bendi hii mwaka 1971 akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Usiku ule alisimama juu ya jukwaa hilo hilo la kazi, na gitaa lake limechorwa ule uso mwekundu niliouficha chini ya godoro.

Wapiga dramu wale watatu hawakushindana. Mmoja alianza neno, wa pili akaliendeleza, wa tatu akalimaliza, kama mafundi watatu wanaopokezana nyundo juu ya chuma kimoja. Palikuwa na mahali ambapo mmoja alinyamaza kwa muda mrefu, mikono magotini, akiwasikiliza wenzake. Nikaona kwamba kunyamaza kwake nako ni sehemu ya kazi.

Usiku wote taa zilikuwa nyeupe, hazikugeuka. Kisha wakapiga "Starless", wimbo wa mwaka 1974 unaochukua dakika kumi na mbili hivi. Katikati yake gitaa la Bwana Fripp hurudia sauti moja, mara nyingi, kwa subira ya mtu anayechimba kisima. Halafu hupanda kidogo, akarudia tena. Nyuma ya sauti hiyo besi hukazana na dramu huzidi. Na kadiri muziki ulivyopanda, taa za jukwaa zikaanza kugeuka nyekundu, polepole, hata jukwaa zima likawa jekundu kama tanuru. Saksafoni ilipoingia mwishoni, yule mzee wa kulia kwangu alikuwa akifuta macho, nami sikumtazama sana kwa kuwa nilikuwa na kazi hiyo hiyo.

Wakaondoka, wakarudi, wakapiga wimbo wa kwanza wa kaseti yetu. Pale vyombo vyote viliponyamaza pamoja na kuanza pamoja, nililisikia tena neno la rafiki yangu. Waliokuwa wakipiga mwaka 1969 hawakuwapo, isipokuwa mmoja tu; Greg Lake, mwimbaji wa kwanza, alikuwa amefariki mwaka 2016. Lakini kazi ilikuwa ile ile, imepokewa na mikono mingine bila kuanguka.

Ndipo Bwana Levin akainua kamera yake. Ukumbi mzima ukainua simu, na mimi nikapiga picha moja. Mkono ulitetemeka. Ilitoka watu saba wa ukungu.

Niliporudi nilikwenda Morogoro moja kwa moja. Rafiki yangu alikuwa amepata nafuu na yuko nyumbani. Nilimpa picha, akaiangalia kidogo, akaiweka kando. "Hii haisemi kitu," alisema. "Nisimulie." Nikasimulia tangu alasiri hata chai ikapoa mara mbili. Aliuliza nani alikaa wapi, nani alianza, nani alinyamaza. Nikagundua kwamba niliweza kumjibu karibu yote, kwa sababu usiku ule macho yangu hayakuwa katika kioo cha simu.

Alipotosheka akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Na mzee Gurumo, ulikwenda kumsikiliza lini?" Sikuwa na jibu. Muhidin Maalim Gurumo alikuwamo katika bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma. Alifariki Aprili 2014. Miaka yote hiyo aliimba katika mji ninaofanyia kazi, nami nilikuwa nikisema nitakwenda Jumapili ijayo. Nilivuka bahari kuwasikiliza wazee wa watu, na mzee wetu akaondoka kabla sijamsikia hata mara moja.

King Crimson nao walimaliza. Tarehe 8 Desemba 2021, mjini Tokyo, walipiga mara ya mwisho ya safari zao, na wimbo wa kufunga ulikuwa huo huo "Starless". Aliyesema atakwenda mwaka ujao, amebaki na sahani.

Ndugu wasomaji, fundisho la bendi hii kwa watu wa kazi si kwamba tuuache muziki wetu tukafuate wa wengine. Ni kwamba kazi iliyopangwa kwa nidhamu, ambayo mwenye kuiongoza haoni haya kukaa pembeni na kuwapisha wenzake mbele, yaweza kuishi miaka 50 na kupita mikononi mwa watu wengi. Na kwa wale wasikilizao, fundisho ni jepesi zaidi. Wazee wenye kazi zao bado wako katika kumbi zetu. Twendeni tukawasikilize wangali hai. Mimi na fundi wa Morogoro tumekwisha kuanza, na kila tuendapo simu twaziacha mfukoni.