Mashine Haitoshi Bila Muuguzi

HUENDA umewahi kupokea simu ya usiku kutoka nyumbani, Migori au Homa Bay: mzee amezidiwa na amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Unapofika unakuta mrija kinywani na mashine inalia, nawe unadhani uhai wake umo mikononi mwa mashine hiyo. La hasha! Umo mikononi mwa muuguzi.

Historia yathibitisha hivyo. Ugonjwa wa kupooza ulipozuka Copenhagen, Denmark, mwaka wa 1952, Dkt Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watiwe mrija kooni na kupewa pumzi kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kukamua mifuko ya hewa usiku na mchana. Mikono ya watu ilitangulia, mashine za kusukuma hewa mapafuni zikaenea baadaye.

Humu nchini, mpango ulioanza 2015 ulikodi vifaa vya hospitali 98, vikiwemo vya vyumba vya mahututi. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilipata mwaka wa 2020 kwamba baadhi ya mashine zilikaa bure, aghalabu kwa kukosa wataalamu, maji au umeme.

Mgonjwa anayepumulia mashine aghalabu hawezi kusema, kukohoa vizuri wala kujigeuza. Makohozi yakiziba mrija, ana dakika chache tu. Akilazwa chali, mate na uchafu wa tumboni huingia mapafuni na kuleta nimonia. Ndiyo maana kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45, kinywa husafishwa, na mgonjwa hugeuzwa takriban kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Kazi hii yahitaji muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja. Akiachiwa watatu, hata awe hodari vipi, kuna king'ora atakachochelewa kukiitikia.

Wewe nawe una wajibu. Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Usiguse mrija, usizime king'ora, wala usimtilie uji kinywani kwa huruma. Mweleze muuguzi dawa zote alizokuwa akitumia, hata za miti shamba, na zile zinazomdhuru. Uliza kwa heshima kama mpira wa mkojo bado unahitajika, kwa maana kila siku unapokaa huongeza hatari ya maambukizi.

Ikiwa atahamishiwa Kisumu, safari ya kilomita zaidi ya 100 kutoka Homa Bay, na ndefu zaidi kutoka Migori, hakikisha mambo matatu: kitanda kimethibitishwa huko, oksijeni ya ambulensi itatosha na kubaki, na muuguzi ataketi kando ya mgonjwa.

Na siku viongozi wa kaunti yako watakapokata utepe kuzindua mashine mpya, piga makofi, kisha uwaulize: wauguzi wa kuikesha usiku wako wapi?