Roboti Ibebe Sumu, Kibarua Abaki na Ujira

Mkulima wa mahindi wa Ziwa, Uasin Gishu nchini Kenya, akisikia neno roboti huenda akawaza viwanda vya ng'ambo, kumbe jina hilo asili yake ni shamba. Mwandishi Mcheki Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, naye alisema lilipendekezwa na kakaye, mchoraji Josef. Lilitokana na robota, yaani shokoa: siku ambazo mkulima alilazimishwa kumlimia mwenye ardhi, mfumo uliofutwa katika himaya ya Austria mwaka 1848. Uasin Gishu nayo iliyaonja hayo, kwani sheria ya kikoloni ya mwaka 1918 iliwabana maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, wawafanyie walowezi hao kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Maroboti ya Čapek hayakuwa ya chuma; yalikuwa miili iliyotengenezwa kiwandani ili itumikishwe bila kuhurumiwa.

Historia hiyo inatupa kipimo cha kiafya: mashine inastahili kwanza kazi inayoudhuru mwili wa binadamu. Mwaka 2020 Rwanda ilipeleka maroboti kwenye vituo vya wagonjwa wa korona, yakapima joto la mwili ili kupunguza hatari ya wahudumu kuambukizwa. Shambani, hatari iko kwenye bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hupenya kwenye ngozi na mapafu, vikazuia kimeng'enya kinachotuliza neva. Neva zikikosa kutulia, mtu hutokwa na jasho na mate, misuli hutetemeka, na akizidiwa hushindwa kupumua. Droni ya kunyunyizia, ambayo ni roboti inayoruka, humweka mwendeshaji mbali na ukungu huo, ingawa anayechanganya dawa bado anahitaji kinga.

Atakayesema kwamba maneno kama roboti hubadilika maana hajakosea, ila swali la nani anaumia kwa faida ya nani halijabadilika. Pingamizi zito zaidi ni la ajira: droni moja huweza kuwaondoa vibarua kadhaa. Hata hivyo, kumwacha kibarua avute sumu si kumlinda. Kinachomlinda ni kumfundisha yeye mwenyewe kuirusha na kuitengeneza droni, asiachwe akiitazama tu. Kwa sasa, mwenye shamba asimkabidhi mtu bomba kabla ya kumpa glavu, barakoa inayofaa na buti.