Bahari na Mashine (3): Walijua Kukaa

Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa imerudi tena, kama kawaida ya majira ya kusi: upepo unaozidi kilometa 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2. Na boti za fiberi zinaendelea kutoka ufukweni kana kwamba taarifa ile imesomewa nchi nyingine.

Mitepe na majahazi tulishayamaliza katika sehemu mbili zilizopita, kwa hiyo sitarudia jinsi tanga linavyokamata upepo. Ila kuna elimu moja ya mabaharia wa kale niliyoipita haraka, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote: walijua kukaa. Baharia Ahmad bin Majid wa Julfar, katika karne ya 15, hakuandika habari za nyota tu. Alishughulika sana na majira: lini utoke bandari gani, na lini usithubutu. Pwani yetu vyombo vilishuka na kaskazi kuanzia Desemba, vikarudi na kusi ilipoanza kushika Aprili. Kusi ilipokomaa, Juni na Julai, aliyechelewa alivuta chombo pwani, akakipaka sifa na shahamu, akangoja demani. Wengine waliishia kuoa.

Baharia na mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, aliikuta desturi hiyo ingali hai alipopanda jahazi la Kuwait, mwaka 1938 hadi 1939, likaja Unguja na kuingia Rufiji kutafuta boriti. Nahodha wake, Ali Najdi, alizivuka bahari hizi kwa tanga. Alikuja kufa maji mwaka 1979, karibu na kwao, dhoruba ilipomkuta katika matembezi ya kuvua samaki. Bahari haimwangalii mtu cheo.

Mashine imetupokonya kungoja, na badala yake haikutupa maarifa. Jahazi likielemewa, nahodha hana budi kupunguza tanga. Boti ya mashine humwachia akaze tu, mpaka mbao za tumbo zilie. Ukienda mbisho, punguza kasi, ulipokee wimbi kwa upande wa omo, usilipe ubavu. Wimbi la kutoka tezi ndilo lenye hila: safari inakuwa laini, abiria wanacheka, kumbe boti inateleza usoni mwa wimbi. Omo ikichoma bondeni, tezi huzunguka na chombo kikalala.

Kisha kuna maji yenyewe. Kwenye mlango wa kusini wa mkondo baina ya Unguja na bara, maji yakipwa hutoka kuelekea kusini na kugongana na kusi, na wimbi huwa fupi na wima. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kiasi cha mita 4, hali huwa mbaya zaidi. Meli ya abiria MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 18, 2012 katika upepo mkali, iliundwa Marekani kwa maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Aliyeinunua aliangalia viti.

Wanaotoa leseni za manahodha wa boti ndogo nawaomba waulize kalenda ya pepo na bamvua kabla ya kuuliza habari za mashine. Nawe msomaji uliyekwisha lipa nauli, nahodha akisema leo hatoki, usimtukane.