Uvimbe Usiouma: Somo la Kupeleka Makambi ya Suji

Uvimbe wa saratani ya matiti kwa kawaida hauumi mwanzoni. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwanamke wa Suji, huku kwenye milima ya Upare wilayani Same, anapaswa kulijua, kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi. Mtu anayepanda na kushuka mlima kila siku, anayelima kwenye mteremko na kurudi na mzigo wa kuni, amezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Kinachouma kinatibiwa, kisichouma kinasubiri. Basi kinundu kigumu ndani ya ziwa kinasubiri mavuno, kinasubiri ada ya mtoto, mpaka ngozi ijikunje au chuchu iingie ndani. Maumivu yakianza, mara nyingi ugonjwa umeshafika kwapani au mbali zaidi.

Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takribani asilimia 80 ya wanawake wenye saratani hii hugundulika ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Hapo tiba ni ndefu na ghali, na uwezekano wa kupona kabisa umepungua sana. Kisha kijijini mambo yanasomwa kinyume. Mama alipelekwa Moshi, akakatwa ziwa, akafariki baada ya miezi michache. Majirani wanasema kisu ndicho kilichomuua. Mwingine alichukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe, hali ikawa mbaya, ikasemwa sindano imeuamsha ugonjwa. Si kisu wala sindano. Ni miezi iliyopotea kabla hawajafika. Lakini mtoa elimu asithubutu kuibeza hofu hiyo, maana imejengwa juu ya mazishi ambayo watu waliyashuhudia. Njia ya kuiondoa ni kumsimamisha mbele yao mwanamke aliyewahi mapema, akatibiwa, na leo analima.

Tufundishe nini, basi? Kwa miaka mingi kampeni zilifundisha hatua za kujipapasa kila mwezi. Huko Shanghai, China, jambo hilo lilipimwa kwa wanawake zaidi ya 266,000, na matokeo yaliyotoka mwaka 2002 yalionyesha kwamba mafunzo hayo hayakupunguza vifo. Mwanamke ayajue matiti yake na aone yanapobadilika, hilo ni lazima, ila asiachiwe mzigo wote peke yake. Mumbai, India, walijaribu njia nyingine: wahudumu wa afya wa ngazi ya chini waliofundishwa vizuri waliwapima wanawake matiti kwa mikono, kila baada ya miaka miwili. Zaidi ya wanawake 150,000 walishiriki na kufuatiliwa kwa takribani miaka 20. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani ziligundulika mapema zaidi, na kwa waliofikia miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwetu hapa Tanzania, Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kimekuwa kikiwaita wanawake kupimwa matiti tangu kampeni zake za mwaka 2005. Mashine ya mamografia hatuwezi kuipandisha kila kijiji cha Upare. Mikono ya muuguzi tayari ipo, inahitaji mafunzo.

Na mafunzo bila njia ya kwenda hospitali hayatoshi. Wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ni ya milima kama Same. Huko wahudumu wa afya wa jamii na wauguzi wa vituo walifundishwa kutambua dalili, na mgonjwa akipewa rufaa alijua kwamba kliniki ya matiti katika hospitali ya Butaro inamsubiri. Saratani za hatua za awali zilizogunduliwa ziliongezeka.

Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa mama wa Suji, siku hizo zinaliwa njiani. Kwanza zahanati, kisha kushuka Makanya, kisha Same, kisha hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same mjini. Afadhali tangu mwishoni mwa 2016 KCMC ina kituo cha saratani kinachotoa kemotherapi. Zamani safari ilikuwa moja kwa moja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Siku nyingine zinapotea zahanati yenyewe, hasa kwa anayenyonyesha: uvimbe unaitwa jipu, anapewa dozi ya antibayotiki, halafu ya pili, halafu ya tatu. Dozi moja ikiisha na uvimbe bado upo, apewe rufaa.

Nauli nayo inaua. Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Barabara na mifereji imechimbwa kwa nguvu hiyo. Sioni sababu kikundi cha vikoba au kamati ya kijiji ishindwe kutenga mfuko mdogo wa nauli ya mgonjwa mwenye rufaa, pamoja na mtu wa kumsindikiza.

Baada ya tiba kuna maisha, na hapa ndipo programu nyingi zinanyamaza. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono. Aanze mapema mazoezi mepesi: kusimama karibu na ukuta na kupandisha vidole taratibu, kila siku juu kidogo kuliko jana. Zamani wanawake hawa waliambiwa wasinyanyue kitu kizito maisha yao yote. Leo tunajua kuongeza mzigo kidogo kidogo, kwa maelekezo, ni salama. Shambani avae glavu, na mkato wowote auoshe mara moja, maana mkono huo hushambuliwa upesi na maambukizi. Anayetumia tamoksifeni ajue ni kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na asikiache kwa kuwa anajisikia mzima. Mume awepo maelezo haya yanapotolewa. Wanaume nao hupata saratani hii, ingawa hawafiki mmoja katika kila wagonjwa 100.

Waadventista waliingia Upare mwaka 1903, na Suji hadi leo kanisa lina mizizi mirefu. Kila mwaka watu hukusanyika kwenye makambi, na somo la afya lina saa yake. Nawaomba viongozi wa makambi, akina mama wa Dorkasi wanaohudumia wahitaji kanisani, na ndugu zetu wa makanisa mengine na misikiti wenye mikusanyiko yao: mwaka huu mpeni saa hiyo mwanamke aliyepona, muuguzi akae kando yake, pawepo chumba cha faragha cha kupimia, na kabla watu hawajatawanyika wenye rufaa wawe wameshapangiwa tarehe na nauli.