Risasi ya Nyati Si Risasi ya Swala

Nyati akiingia mashambani au akimjeruhi mtu, kijiji kizima hukimbilia kwa mwenye bunduki. Mmoja anatoa gobore lake. Mwingine anasema, "Mwiteni askari mwenye SMG." Wote wana nia njema. Lakini nyati akipigwa risasi isiyomfaa, hafi. Anaingia kichakani na jeraha lake. Kesho yake anayekutana naye ni mama anayeokota kuni, au mtoto anayechunga mbuzi.

Basi leo tueleze kwa nini bwana nyama, yaani afisa wanyamapori, huja na bunduki yake maalumu, na kwa nini huchagua risasi kabla ya kutoka.

Kwanza tumtazame mnyama mwenyewe. Nyati dume aliyekomaa hufika kilo 600 au 700, na wengine huzidi hapo. Huo ni uzito wa ng'ombe wawili wa kienyeji. Ngozi yake ni nene, hasa shingoni na mabegani. Mbavu zake ni pana na zimekaribiana sana. Nyuma ya ngozi hiyo kuna nyama ngumu ya bega na mfupa mkubwa. Na moyo je? Moyo uko chini kifuani, kati ya miguu ya mbele. Watu wengi hudhani uko juu, karibu na nundu. Ukipiga juu huko unapasua nyama tu, naye anaondoka. Mwindaji mzoefu akimwona nyati kwa ubavu, hufuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini kwenda juu. Akifika theluthi moja ya kimo cha mwili, hapo ndipo analenga. Risasi ikipita hapo inakuta moyo, au mapafu ya chini, au mishipa mikubwa ya damu.

Sasa tuje kwenye namba za bunduki. Bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa ni raifo, ile inayotoa risasi moja nzima na ambayo mtutu wake una mikunjo ndani ya kuizungusha risasi. Namba yake inaonyesha unene wa risasi. Utasikia wawindaji wakisema "tatu-saba-tano". Huandikwa .375. Maana yake ni sehemu 375 kati ya sehemu 1,000 za inchi moja, yaani milimita tisa na nusu. Risasi ya SMG ina milimita 7.62, zaidi kidogo ya penseli ya shule.

Utasema, mbona tofauti ni ndogo hivyo? Hebu tazama uzito. Risasi ya SMG ina uzito wa gramu 8 hivi. Risasi ya .375 iliyozoeleka kwa nyati ina gramu 19. Mwendo wao haupishani sana, kila moja hutoka mtutuni kwa mita 700 na ushei kwa sekunde. Lakini kupigwa kwa ufito na kupigwa kwa mchi wa kutwangia si mamoja, hata mkono ukiwa uleule. Nguvu ya .375 ni karibu mara tatu ya ile ya SMG. SMG ilitengenezwa kwa ajili ya vita vya watu. Wawindaji haramu huitumia kwa wanyama wakubwa kwa kumwaga risasi nyingi, na wengi wa wanyama hao hufia mbali baada ya mateso ya siku kadhaa.

Gobore ni duni zaidi. Wengine hulijaza vipande vya nondo. Kipande cha chuma kisicho mviringo hakiendi sawa, na baruti ile haina nguvu ya kukipitisha kwenye bega la nyati. Marisau nayo ni ya kanga na kwale. Kumpiga nyati kwa marisau ni kumchokoza tu.

Bunduki ya .375 ambayo wengi huitumia ilitolewa London mwaka 1912. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinaitaja .375 kuwa kiwango cha chini kwa nyati. Zipo kubwa kuliko hiyo. Ile ya .404 ilitumiwa sana na idara za wanyamapori za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ile ya .458 ilitoka Marekani mwaka 1956, na risasi yake ina gramu 32.

Je, kubwa zaidi ndiyo bora zaidi? Hapana, si kila mara. Bunduki kubwa hupiga teke. Mtu asiyeizoea huanza kuiogopa. Anafumba macho kabla ya kufyatua, risasi inakwenda tumboni. Nyati aliyepigwa tumboni kwa .458 ni hatari zaidi kuliko aliyepigwa moyoni kwa .375. Mimi nikiulizwa, nitamchagua askari mwenye .375 aliyefanya mazoezi, nimwache mwenye bunduki kubwa anayeitoa kabatini mara moja kwa mwaka.

Alikuwapo Mskochi mmoja, W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Aliwezaje? Alipasua mafuvu ya tembo akayachunguza mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Lakini usimwige. Bell alikuwa na shabaha ya ajabu, na leo sheria haimruhusu mtu kujaribu hivyo.

Baada ya bunduki kuna risasi yenyewe. Katika lugha yetu "risasi" ni jina la madini na pia jina la kinachotoka mtutuni. Hapo watu huchanganyikiwa. Risasi laini ina madini ya risasi ndani na ganda la shaba nje, na pua yake iko wazi. Ikigonga nyama inatanuka kama uyoga, inafanya jeraha pana. Risasi ngumu imefunikwa yote, au ni shaba tupu, na haitanuki. Inapenya mbali.

Kwa swala, risasi laini nyepesi inatosha. Kwa nyati, laini nyepesi hupasuka juu ya bega kabla ya kufika ndani. Inatakiwa laini nzito iliyotengenezwa imara, itanuke lakini isivunjike. Ile ngumu ina tatizo lake: inaweza kumpita nyati wa kwanza ikamjeruhi wa pili aliyesimama nyuma yake. Kumbe umetoka kutafuta jeruhi mmoja, umeacha wawili! Kwa hiyo wawindaji wengi hutanguliza laini imara wakati nyati amesimama peke yake, na nyuma yake hupakia ngumu, kwa sababu nyati aliyeshtuka hukimbia akionyesha makalio, na risasi lazima ipite mwili wote kufika kifuani.

Kuwinda bila leseni kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo nyati akiingia kijijini, toa habari kwa serikali ya kijiji, nayo imwite bwana nyama. Na kama mtu amekwisha kumpiga, msifiche. Mwelezeni alipigwa saa ngapi, kwa bunduki gani, na alielekea wapi.

Msiufuate mchirizi wa damu nyinyi wenyewe. Nyati aliyejeruhiwa anaweza kujibanza kichakani kando ya njia aliyopita, akawangoja. Ila kama damu iko pale alipopigwa, itazameni vizuri mkamweleze. Damu nyekundu yenye povu hutoka mapafuni, na mnyama huyo huenda hayuko mbali. Damu nyeusi nyeusi mara nyingi ni ya ini. Mkiona majani yaliyotafunwa yamechanganyika na damu, amepigwa tumboni, bado ana nguvu zake. Hapo wazuieni watoto na mifugo wasiende upande ule mpaka askari warudi waseme wamemwona amekufa.